Marehemu wa Kuazimwa

Ipo nchi moja, wala si mbali, lakini ukiwauliza wenyeji njia ya kwenda huko watakuambia umeshafika, kisha wataanza kuzungumza habari za mvua. Serikali ya nchi hiyo iliwapenda wazee kupita kiasi. Iliwapenda hata ikawajengea Jumba la Kuenzi Wazee, lenye madirisha mengi upande wa barabarani na machache upande wa nyuma, kwa kuwa wageni rasmi hupita barabarani.

Siku ya ufunguzi, Mheshimiwa Waziri wa Shukrani, Heshima na Makusanyo alishika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Wazee wetu!" alisema. "Mlitubeba mgongoni, nasi leo tunawabeba kwenye bajeti! Kuanzia sasa, mzee akiingia Jumbani hatalipa hata senti, maadamu yu hai!"

Watu wakapiga makofi mpaka viganja vikawaka. Yale maneno ya mwisho hakuna aliyeyatilia maanani. Nani husikiliza mwisho wa hotuba?

Mzee Mbaruku wa kijiji cha Mtoni hakuomba kuenziwa. Alikuwa ameketi kwenye kigoda akinyolewa, upande mmoja wa kichwa tayari, upande wa pili bado, Gari la Heshima likasimama. Kesho yake wageni wa ng'ambo walikuwa wanakuja kukagua Jumba, na vitanda vilikuwa vitupu. Vijana wawili wakashuka, wakampa shikamoo, wakambeba. Picha yake, nusu upara nusu mvi, ilitoka kwenye kalenda ya Wizara juu ya maneno "Uzee Wenye Furaha".

Binti yake, Sikudhani, akawa anakwenda kumtazama kila akipata nauli. Alikuwa mwanamke kijana, mpole wa kauli na mwepesi wa macho, mtu wa kukaa pembeni akawaacha wenzake waseme, yeye akatazama mikono yao inafanya nini. Ndiye aliyeona mapema kwamba wahudumu wa Jumba wana adabu isiyo ya kawaida. Mhudumu akipita na ndoo: "Shikamoo mzee." Akirudi na ndoo ileile: "Shikamoo mzee." Akisahau ufagio akaurudia, shikamoo nyingine.

"Hawa wamelelewa, baba," alisema Sikudhani.

"Hawa wamerogwa," alijibu baba yake. "Jana wameniamkia niko chooni. Watatu, wamepanga foleni mlangoni."

"Na wewe ukaitikia?"

"Sasa mwanangu, shikamoo ya mtu utaiachaje ining'inie? Nikaitikia. Ndiyo malezi."

Malezi hayo ndiyo yaliyomponza.

*

Mzee Mbaruku alifariki kwa uzee wake tu, bila kumsumbua mtu. Sikudhani alipofika Jumbani alielekezwa kwenye Dirisha la Rambirambi na Malipo. Nyuma yake alikaa Bwana Erasto Mkunde, Afisa Mkusanyaji Daraja la Pili, aliyevaa suti ya rangi ya majivu na uso wa rangi hiyohiyo.

"Pole sana," alisema Bwana Erasto, akagonga mhuri. "Hiyo pole ni bure. Ya pili inalipiwa."

"Nimekuja kumchukua baba nikamzike."

"Kuzika? Dada, huyu anadaiwa." Akajilamba kidole, akafunua. "Kuna matunzo. Kuna kuchakaza blanketi. Kuna ada ya kusikilizwa hadithi za zamani, na nyongeza kwa zile alizozirudia. Halafu kuna shikamoo."

"Shikamoo?"

"Alisalimiwa kupita uwezo wake. Na kila mara aliitikia marahaba. Mzee akiitikia marahaba, huduma imepokelewa."

"Lakini Mheshimiwa alisema ni bure."

"Maadamu yu hai. Haya, yu hai?"

Sikudhani alifikiri. "Hapana."

"Umejijibu mwenyewe."

Jumla ya deni ingetosha kununua kijiji cha Mtoni, pamoja na mto wenyewe. Sikudhani akauliza, je, mtu asipolipiwa?

"Anawekwa Ghala la Taifa la Waliokwama," alisema Bwana Erasto kwa fahari, "na ada ya kulala inaendelea. Wamo mle waliokwama tangu Waziri akiwa na nywele. Mwishowe mtoto wa marehemu naye anazeeka, tunamleta Jumbani, akifa anawekwa palepale na mzazi wake. Familia zinaungana. Wageni wameusifu sana mpango huu."

Sikudhani hakulia, wala hakuondoka. Alisimama tu pale dirishani, na kusimama kwake kukamchosha Bwana Erasto kuliko kelele.

"Sikiliza," akasema. "Una bahati. Huu ni Mwaka wa Mila na Desturi. Mkuu wa Nchi ametamka kwamba mila iko juu ya sheria. Kwa hiyo Wizara inamruhusu marehemu anayedaiwa kuhudhuria msiba wake. Kuhudhuria, nimesema, si kuzikwa. Kuzikwa kuna dirisha lake. Unaazimwa baba yako asubuhi, jua likizama unamrudisha, akiwa safi kama ulivyomkuta."

Sikudhani akaweka dole gumba, akamwazima baba yake.

Kule Mtoni, nyuma ya shamba la mihogo, mama yake alikuwa amelala miaka mingi, na ubavuni pake pameachwa nafasi ya mtu mmoja. Mzee Mbaruku alikuwa akiipalilia mwenyewe, na majani yakiota huyang'oa kwa hasira, kama mtu aliyekuta mgeni kitandani mwake. Sikudhani hakutaka kitu kingine duniani ila baba yake aingie pale. Namna ya kumwingiza ndiyo hakuijua.

*

Lazima ieleweke kwamba watu wa Mtoni na watu wa Mawe, ng'ambo ya daraja, ni watani, tangu babu zao walipopigana mpaka wakachoka wakabaki kuchekana. Mtu wa Mtoni akifa hazikwi mpaka watu wa Mawe waje. Huja wakamsema marehemu, wakavaa kofia yake, wakamdai madeni asiyowahi kukopa, wakalizuia jeneza lisipite. Wenye msiba huwapaka unga na kuwapa kitu kidogo, kuku au chochote, na mkubwa wao akishasema "Nimeridhika", jeneza linapita. Neno hilo likitamkwa halirudi mdomoni. Na mtani msibani hakasirikiwi, hata afanye nini.

Siku ya Mzee Mbaruku kaburi lilichimbwa asubuhi, kwa kuwa Sikudhani hakumkataza mtu kuchimba. Pilau ikaiva. Jua likapinda. Watani hawakutokea. Shangazi Zamda, dada wa marehemu, aliyekuwa na sauti ya kuitia watu walio ng'ambo, alisimama njiani mkono kiunoni.

"Watani gani hawa? Kaka yangu anaoza, wao wanachana nywele?"

Mara likatimka vumbi, na ndani ya vumbi akatokea Bwana Erasto na suti yake ya majivu, begi kwapani, kipaza sauti cha betri mkononi. Alikuwa amewahi, kwa sababu hakuwaamini watu wenye majembe. Alipita katikati ya waombolezaji mpaka kwenye jeneza.

"Kwa mamlaka niliyopewa," alisema kwenye kipaza sauti, "nayazuia mazishi haya!"

Kisha Shangazi Zamda akapiga kigelegele kilichowarusha kunguru.

"Wamefika! Jamani, watani wamefika!"

"Mimi si mtani!" alisema Bwana Erasto. "Mimi ni afisa wa Serikali!"

Watu wakaangua kicheko. "Huyu anaijua kazi," alisema mzee mmoja akijifuta machozi. "Wenzake huja na matambara, yeye kaja na cheo!"

"Marehemu huyu ni mali ya Wizara!"

"Ehee! Mchukue, na kikohozi chake!"

"Anadaiwa ada ya kusalimiwa shikamoo!"

Hapo wengine wakakaa chini kwa kucheka. Msiba uliokuwa umewakaba tangu alfajiri ukawaachia. Shangazi Zamda akashika mbavu. "Ada ya shikamoo! Uwii, watu wa Mawe mtatuua! Na marahaba je, bwana mkubwa?"

"Marahaba ndiyo uthibitisho wa huduma!"

"Mwacheni aseme! Mwacheni!"

Kila Bwana Erasto alivyozidi kukasirika ndivyo walivyozidi kumpenda. Akataja kifungu, wakashangilia kifungu. Akatishia kuita askari, wakamwomba awaite na askari wacheze. Shangazi Zamda akamvuta Sikudhani pembeni.

"Mwanangu, huyu ni mtoto wa nani kule Mawe? Mbona simjui?"

Sikudhani alitazama barabara, ilikuwa tupu. Alitazama jua, linashuka. Akamtazama Bwana Erasto, jasho likimchuruzika ndani ya kola.

"Shangazi," alisema, "tumsikilize mgeni. Na asikose unga."

Unga ukaletwa, bakuli zima. Suti ikabadilika rangi, na uso nao. Bwana Erasto, akipiga chafya, akaona hapana jingine ila kutekeleza kanuni. Na kanuni za Wizara zinasema kizuizi cha mazishi hubandikwa mahali penyewe. Akatoa lakiri, mhuri wa nta wa Wizara, na utepe kwenye begi, akavua viatu, akashuka kaburini.

Watu wakasogea ukingoni kwa heshima. Mtani kuingia kaburini ndiyo daraja la juu kabisa la utani. Vijana walilisikia kwa wazee tu, hawakutegemea kuliona kwa macho yao.

"Sitoki humu mpaka nilipwe!" Bwana Erasto alinguruma kutoka chini.

Mtoni nzima ikapiga makofi. Yalikuwa ndiyo maneno yenyewe, vilevile kama watani walivyoyasema tangu zamani.

Kubandika lakiri hakukuchukua muda. Kutoka ndiko kukawa kazi. Kaburi la Mtoni ni refu na kuta zake ni mfinyanzi. Kila akipanda anarudi. Akanyoosha mkono, hakuna aliyeushika, maana mtani aliye kaburini havutwi kabla hajaridhika. Harufu ya pilau ikamfuata humohumo. Posho yake ya safari, kama posho zote za Wizara, ilikuwa bado iko njiani.

Sikudhani akapiga goti ukingoni, kuku mkononi.

"Mtani, shikamoo," alisema taratibu.

"Marahaba," aliitikia Bwana Erasto, kabla hajawahi kujizuia.

"Umetuchangamsha msiba wetu. Pokea kuku huyu, useme neno, wakuvute. Sahani yako ipo."

"Neno gani?"

"Nimeridhika."

"Silisemi! Sisemi ng'o!"

"Hatuna haraka," alisema Sikudhani, akakaa vizuri. "Ila pilau itapoa."

Bwana Erasto alivumilia kama anavyovumilia mtumishi wa umma, yaani mpaka aliposikia ukoko unakwanguliwa sufuriani.

"Nimeridhika!" akapiga ukelele. "Nimeridhika, nitoeni!"

Wakamtoa. Alipokuwa bado anajifuta unga machoni jeneza lilikwisha kushuka, na majembe ya watu wa Mtoni, ambayo kwa kilimo cha Serikali huwa mazito sana, siku hiyo yalikuwa mepesi. Udongo ukarudi mahali pake, lakiri na utepe vikiwa chini kabisa.

*

Bwana Erasto alikuwa kwenye sahani ya pili watani wa kweli walipofika. Gari lao lilikuwa limefia darajani. Mbele alikuwa Bi Tausi, mama wa miraba minne, aliyewatukana marehemu wa Mtoni kwa ufasaha tangu ujana wake.

"Nani amechukua kuku wetu?" aliuliza.

Vidole vyote vikaelekea kwenye suti, na watu wakamsimulia yote, cheo chake na madai yake.

Bi Tausi akamzunguka. "Wewe baba, wewe ni nani? Maana katika mwaka huu wa mila, kujifanya mtani ni jela. Sema basi kama ni afisa. Lakini ukiwa afisa, kuku wa mfiwa umempokea kazini, na maiti ya Serikali umeiacha ikazikwa mbele ya macho yako. Hiyo jela nayo sijui ni ipi, ila naisikia ni ndefu zaidi."

Bwana Erasto alimtazama Bi Tausi, akamtazama kuku aliyemfunga miguu pembeni yake, akameza tonge.

"Mimi ni mtani," alisema.

"Wa Mawe? Kwa nani?"

"Kwa… upande wa mjomba."

Bi Tausi akamshika kidevu, akamgeuza huku na huku. "Hata pua anayo ya kwetu," alitangaza. "Haya, mjomba, mtani akila huosha. Masufuria yale pale."

Akaosha masufuria mpaka matanga yalipoanuliwa. Waliomwona wanasema siku ya mwisho alikuwa anacheka, na kucheka kwenyewe alikuwa hajakuzoea, alitoa sauti ya mlango.

*

Watu walidhani Waziri atamfukuza. Waziri hakumfukuza, alimpandisha cheo. Kwa hekima yake aliona jambo ambalo wengine hawakuliona: Mtoni walimpa mkusanyaji kuku, na walimpa huku wanacheka! Kwingine kote wakusanyaji walikuwa wanapewa mawe.

Akatangaza redioni. "Ndugu wananchi! Kuanzia leo Serikali yenu ni mtani wenu! Wananchi wote, popote walipo, ni watani wa Serikali. Wakusanyaji wetu watayazuia mazishi kwa mujibu wa mila, na Wizara imeagiza unga wake yenyewe. Huo ndio Utani wa Taifa! Na kuonyesha mfano, Jumatatu tutamfukua Mzee Mbaruku wa Mtoni na kumrudisha ghalani, kwa ngoma na vicheko. Kuhusu lile neno 'nimeridhika', lilisemwa na Daraja la Pili. Waziri hajaridhika."

Shangazi Zamda akaizima redio kwa kofi. "Watamfukua kaka yangu! Sikudhani, mbona umekaa tu? Lia basi!"

Sikudhani alikuwa anachambua mchele. Akaendelea kuchambua.

"Shangazi, hivi utani una upande mmoja?"

"Upande mmoja? Tangu lini? Nikikutania unanitania, nikija kwako unakuja kwangu. Ukiwa wa upande mmoja huo si utani, huo ni uonevu."

"Nilikuwa nauliza tu," alisema Sikudhani.

Jioni hiyohiyo redio ikatoa habari za huzuni. Baba mzazi wa Waziri amefariki. Hakuwa Jumbani, yeye alipenda kuenziwa ng'ambo, kwenye hospitali za baridi. Angezikwa Jumamosi, kwa heshima zote, na mabalozi wamealikwa.

*

Jumamosi hiyo paliwekwa mahema meupe, viti vya kukodi vyenye mikia ya vitambaa, na zulia jekundu mpaka ukingoni mwa kaburi, lililopigwa marumaru ndani. Bendi ya tarumbeta ilikuwa inapiga. Askari wa getini wakamwona mwanamke kijana anakuja kwa miguu, khanga mbili mabegani, unga kidogo kwenye pindo.

"Simama! Wewe ni nani?"

"Mtani," alisema Sikudhani.

Askari wakatazamana. Amri ilikuwa ya Waziri mwenyewe na ilikuwa wazi: wananchi wote, popote walipo. Wakampigia saluti.

Akapita juu ya zulia bila haraka, akainama akavua ndala, akashuka kaburini. Akatandika khanga moja juu ya marumaru, akakaa.

"Sitoki humu mpaka niridhike," alisema, si kwa sauti kubwa, lakini marumaru huchukua sauti.

Tarumbeta zikakatika moja moja. Waziri akasogea ukingoni. "Huyu nani?"

Bwana Erasto, sasa Mkurugenzi wa Utani wa Taifa, akamnong'oneza: "Mtani, Mheshimiwa. Hakasirikiwi." Na kwa kuwa alikuwa mtu wa kazi, akatoa unga wa Wizara na, maana Serikali nayo ni mtani, akampaka mkubwa wake paji la uso. Mabalozi wakapiga makofi. Walikuwa wameambiwa kwamba wataona mila.

Sikudhani akaletewa kuku. Hakuridhika. Akaletewa mbuzi, akasema ni mzuri, apewe maji. Akaahidiwa ng'ombe, kisha ujumbe wa bodi ya Jumba, na posho ya vikao. Sikudhani alijifunga vizuri khanga ya mabegani akaegemea ukuta.

"Binti," Waziri alisema akitabasamu kwa ajili ya kamera, jasho na unga vikimtengeneza uji kwenye nyusi, "unataka nini hasa?"

"Baba yangu asifukuliwe. Na deni lake life. Useme kwenye hicho kipaza sauti, watu wote wasikie."

"Haiwezekani! Sheria—"

"Mila iko juu ya sheria, Mheshimiwa. Ila sikuharakishi. Humu mna ubaridi mzuri."

Jeneza lilikuwa mabegani mwa makoloneli, na makoloneli hawakuzoea kubeba. Mmoja akaanza kutetemeka magoti. Waziri akamtazama baba yake juu ya mabega yale, akatazama jua. Kwa mara ya kwanza tangu aapishwe, alionekana kama mtoto wa mtu. Akashika kipaza sauti kwa mkono mmoja tu.

"Mzee Mbaruku wa Mtoni hadaiwi," alisema. "Alale alipolala."

"Na shikamoo zake?"

"Na shikamoo zake."

Sikudhani akafunga macho kidogo. "Nimeridhika," alisema.

Makoloneli wakapumua, bendi ikainua tarumbeta. Sikudhani akakunja khanga yake, akapandishwa juu, akajikung'uta vumbi la marumaru. Alipogeuka aondoke, akakuta mzee amesimama nyuma yake, viatu mkononi. Nyuma ya mzee alisimama mama mwenye mtoto mgongoni, na nyuma ya mama huyo watu walikuwa wamejipanga kupita kati ya mahema, kupita getini kwenye saluti za askari, mpaka barabarani na ng'ambo ya barabara, kila mtu kwenye zamu yake bila kusukumana, kama watu waliofundishwa foleni na Serikali yenyewe.

"Mimi mama yangu yumo mle ghalani," mzee alimwambia Sikudhani, akichungulia kaburi. "Nishike mkono, mwanangu. Unishushe taratibu."

Sikudhani akamshika mkono, akamshusha.